Chandarua cha Dunguni

Marahaba, wanangu, marahaba wote. Mwenye simu aiweke mfukoni, na wewe unayetafuna muwa, makapi nje, usinidondoshee kwenye kitambaa. Leo asubuhi hakuna kugusa cherehani. Juzi niliwasikia mnavyonicheka kule nyuma: ati huyu mama Mbena wa Njombe, mtu wa viazi na baridi, alifuata nini kwenye joto la Ifakara, tena akajulikana kwa vyandarua wakati mafundi wenzake wanajulikana kwa suti? Masikio yangu ni mazima, miguu tu ndiyo imechoka. Basi tulieni niwaeleze, halafu tuone nani atacheka.

Mimi niliolewa na jeshi. Nasema jeshi, kwa sababu mwanamume mwenyewe, Sajini Mgaya, nilikuwa namwona kwa zamu. Tulihamishwa kambi hii, tukahamishwa kambi ile, na wake wa askari tulikuwa na desturi yetu: kasha la mwisho halifunguliwi. Ukifika kituo kipya unatoa sufuria, unatoa mashuka, unatoa nguo za watoto. Lakini kasha moja unaliacha limepigiliwa misumari vilevile, ndani yake mna mapazia, vyombo vya wageni na picha ya harusi. Tuliamini kwamba ukishatundika mapazia tu, amri ya uhamisho iko njiani. Kasha langu lilikuwa la mbao nene, limeandikwa jina la Sajini na cheo chake kwa rangi nyeupe, na wanangu walikua wakilikalia kama kiti bila kujua ndani mna nini.

Basi ikawa miaka ya tisini, na amri ikaja: kikosi kimoja huku bondeni Kilombero. Tulipanda treni Makambako kukiwa na ukungu, watoto nimewavalisha masweta niliyofuma mwenyewe, na juu ya masweta makoti. Treni ikaanza kuteremka. Handaki, mlima, handaki tena. Kufika Mlimba wanangu wa kiume wameshavua makoti, nikawakemea, "Vaeni, mtashikwa na mafua!" Ndivyo nilivyolelewa, kwetu ugonjwa unaletwa na baridi. Tuliposhuka stesheni ya Ifakara jasho linanitiririka mpaka kwenye viatu, na bado nimemshikilia Neema, binti yangu wa mwisho, asivue sweta lake.

Nyumba za kambini zilikuwa zimejaa, kwa hiyo tukapangishiwa vyumba mjini, Lipangalala, kwa mama mmoja Mndamba tuliyemwita Mama Skola. Mkulima wa mpunga, mjane, sauti yake ukiisikia unajua amezoea kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Alitoka kutupokea, akawatazama watoto, akaweka mkono kifuani.

"Poleni jamani. Wote wanaumwa?"

"Hawaumwi," nikamjibu.

"Sasa mbona umewafunika hivyo?"

Akacheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti. Mimi nilikasirika, tena sana. Nikamwambia Sajini jioni ile kwamba mwenye nyumba hana adabu, atutafutie kwingine. Kumbe huyo ndiye rafiki niliyewekewa na Mungu, sema alikuja na kelele.

Kazi yangu ilikuwa cherehani, kama leo. Cherehani ya mkono, nimeizungushia blanketi safari nzima kama mtoto mchanga. Pale sokoni nikapata nafasi barazani kwa Mzee Salehe, fundi wa siku nyingi, aliyewahi kushonea wafanyakazi wa mashamba ya miwa kabla hajahamia Ifakara. Mpole, mtu wa swala tano, kofia haitoki kichwani. Ila akikukosoa, alikuwa anakuchoma polepole kama anayeshonea sindano ya mkono.

Kazi kubwa ya kwanza niliyopata ilikuwa suti ya bwana harusi. Nikasema hapahapa ndipo watanijua. Nikaishona kama tulivyoshona Njombe: kitambaa kizito, bitana mwili mzima, mabega yamejazwa, na kizibao ndani. Alipendeza, hilo siondoi neno. Tatizo lilikuwa kanisani. Mwezi wa kumi, jua la mchana, misa imechelewa kuanza, na kwaya imejiandaa mwaka mzima haitaki kuruka hata ubeti. Padri alipofika pale pa kumuuliza kama anakubali, bwana harusi alikuwa ameloa kama aliyevushwa mto bila mtumbwi. Akafungua mdomo, sauti haitoki. Bibi harusi akajua ameghairi, akaangua kilio! Katekista akakimbilia maji. Wakamvua koti mbele ya altare, wakamvua kizibao, ndipo akasema "nakubali" kwa sauti ya mtu aliyeponea chupuchupu. Wana wajukuu sasa. Na yule babu mpaka leo tukikutana njiani haniamkii kwanza, anavua kofia anajipepea.

Mzee Salehe hakucheka. Alisubiri nimalize kuona haya, akasema, "Mama Neema, fundi hampimi mtu peke yake. Anapima na mahali."

Nikaona ni maneno ya kunifariji tu. Mtu nampima kwa futi, mahali nitapimaje?

Halafu mvua zikaanza. Wanangu, ninyi mmezaliwa humu, hamjui hofu ya mtu wa milimani anapouona huu mji wakati wa mvua. Vyura wanaimba mpaka chini ya kitanda. Maji yanasimama kila mahali, na mbu, Mama yangu, mbu wa huku wanakuja kwa vikosi, na sisi wa jeshi vikosi tunavijua. Kwetu juu kule malaria tulikuwa tunaisikia kwa wasafiri. Neema akashikwa. Mtoto aliyekuwa haketi, akalala kimya, macho mekundu, anatetemeka kwenye joto lile. Tukampeleka hospitali, wakamlaza. Muuguzi akaniuliza, "Mama, nyumbani mnalalia chandarua?"

Nikamjibu, "Tunalalia blanketi."

Akaandika jibu langu, akaendelea na kazi yake.

Neema alipona, na mimi nikaapa. Vyandarua vya dukani wakati ule vilikuwa adimu, na hivyo vilivyokuwepo vilikuwa vyembamba, vimeshonwa ovyo. Nikanunua kitambaa cha neti nishone mwenyewe. Mzee Salehe akanifundisha kukishika, na hili mlisikie vizuri, maana nimewaona mnavyokiharibu. Neti inateleza chini ya mguu wa cherehani na kumezwa. Weka ukanda wa gazeti chini yake, shona vyote pamoja, ukimaliza unachana gazeti taratibu. Sindano iwe nyembamba, uzi usikazwe, na usivute kitambaa kwa mkono wa nyuma. Kikitaka kwenda chenyewe, kiache kiende. Nilijifunza siku hiyohiyo.

Lakini kukata nilikata kwa akili yangu. Nikapima kitanda cha Neema, nikampima na Neema mwenyewe, nikabana pembe zikasimama wima, chini nikatia marinda na lesi. Kilikaa kitandani kama gauni la komunyo ya kwanza. Majirani walikuja kukitazama, na mimi nikawa nakaa pale mlangoni najifanya nachambua mchele.

Neema akashikwa tena.

Safari hii Mama Skola ndiye aliyekuja kumwangalia kabla hatujatoka kwenda hospitali. Hakucheka. Akakunja mkono wa sweta la mtoto, akakunja na suruali, akanionyesha: kiwiko kimejaa vipele, goti limejaa vipele, kwingine ngozi safi. Kila mahali Neema alipogusana na chandarua changu kizuri, mbu walikuwa wamepanga foleni upande wa nje wakamnyonya kupitia kitambaa.

"Umemshonea gauni," Mama Skola akasema. "Gauni linamshika mtu. Chandarua kinatakiwa kimkimbie."

Nililia, wanangu. Sikulia kwa sababu ya kukosolewa, nimekosolewa na wengi. Nililia kwa sababu ufundi wangu wote, ile mikono iliyosifiwa kambi hadi kambi, ndiyo ilikuwa imemleta mtoto wangu karibu na mbu. Neema alipotoka hospitali mara ya pili amebaki mifupa na macho, nikamwambia Sajini, "Mimi narudi Njombe na wanangu. Wewe baki na jeshi lako."

Sajini Mgaya ni mtu wa kutoa amri. Siku hiyo alikaa juu ya lile kasha, akazungusha kofia yake mikononi. Kisha akasema, "Nipe mpaka mavuno. Mpunga ukivunwa na Neema hajashikwa tena, mnabaki. Akishikwa hata mara moja kabla ya hapo, nawapandisha treni mimi mwenyewe, na hili kasha nalibeba mgongoni mpaka stesheni."

Nikakubali. Na niwaambie ukweli, nilikubali nikiwa nimeshaanza kufunga mizigo moyoni. Kasha lilikuwa bado na misumari yake, mimi nusu yangu ilikuwa bado kwenye treni.

Wiki ile Mama Skola akaja barazani na pesa ya kitambaa. "Nishonee chandarua cha dunguni," akasema.

Nikadhani ananidhihaki. "Umesahau gauni?"

"Sijasahau. Ndiyo maana nimekuja kwako, wewe umeshakosea, mwingine bado." Kisha akashusha ile sauti yake, na mtu wa sauti kubwa akishusha sauti unajua kuna jambo. "Kila mwaka wajukuu zangu wanarudi kutoka shamba na homa. Mwaka jana mmoja nilimzika kulekule."

Sasa ninyi wa mjini, mnaokula wali hamjui ulikotoka: mashamba ya mpunga ya watu wengi wa hapa yako mbali, ng'ambo ya mto. Mvua zikianza watu walikuwa wanafunga nyumba, wanahamia shamba mpaka mavuno, maana ukiacha mpunga peke yake, ngiri na ndege hawakuachii kitu. Kule wanalala kwenye dungu. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, maji yakija yapite chini, sakafu ya fito, paa la nyasi, moto unakokwa chini yake. Mimi niliposikia habari hiyo nilishangaa. Nilidhani ni sisi watu wa jeshi peke yetu tunaohamahama. Kumbe nimeletwa kwenye bonde ambalo kila mtu anahama kila mwaka, na hakuna anayelia!

Nikakumbuka neno la Mzee Salehe. Nikachukua futi, nikamwacha Neema na baba yake, nikaenda na Mama Skola Kivukoni. Tukavuka kwa pantoni, mimi nimeshikilia chuma kwa mikono miwili na kusali sala zote za komunyo, yeye anapiga soga na wauza perege. Kutoka pale tukatembea kwenye tope mpaka nikajuta kuzaliwa. Tulipofika, binti yake na wajukuu walikuwa wanapalilia. Nikapanda dunguni, nikasema, "Haya, pandeni wote mlale."

"Saa hizi?" binti yake akauliza.

"Saa hizi. Laleni kama mnavyolala siku zote."

Jua la mchana kweupe, bibi, binti na wajukuu wakajipanga juu ya mkeka mmoja kama dagaa, mimi napita juu yao na futi. Wakimbiza ndege wa shamba la jirani waliacha kazi wakaja kutazama. Nikawaambia watoto, "Jigeuzeni! Pigeni mateke!" Weee! Watoto ukiwaruhusu mateke tena? Mmoja alinipiga la ugoko, na teke lake nikalipima. Nilipima pale mguu ulipoishia, si pale mtoto alipolala. Kisha nikalala na mimi katikati yao, shavu kwenye mkeka, ndipo nikahisi upepo unanipuliza kutoka chini. Nikaingiza kidole kati ya fito, kikatokeza upande wa pili. Nikajua. Mbu wa huku hawaingii kwa mlango kama wageni, wanatokea chini ya mgongo.

Nilirudi mjini nina raha kama niliyeokota kito, Sajini akashangaa. Nikakata chandarua kipana mpaka Mzee Salehe akaniuliza kama nashona hema. Juu yake nikaweka kitambaa cha marekani badala ya neti, maana paa la nyasi linadondosha vumbi na masizi na mavi ya mijusi. Vitanzi vya kufungia nikatia pembeni na katikati, kisilegee kikamwangukia mtu usoni. Rangi nikachagua ya kijani, nyeupe kule kwenye moshi itadumu siku ngapi? Mlango hakuna, mlango ni tundu. Anayetaka kuingia ainue pindo aingie kwa magoti.

Shida ikabaki pindo. Lilitakiwa lichomekwe chini ya mkeka pande zote, lisitoke mtoto akijigeuza. Nikamwita Sajini. Mnajua askari wanavyotandika kitanda? Blanketi linachomekwa mpaka ukidondosha sarafu inaruka. Akapiga magoti, akachomeka neti kijeshi, akasimama, akanyoosha mgongo kama kwenye ukaguzi. Neti ikateleza ikatoka. Akachomeka tena. Ikatoka. Akaitazama kama kuruta aliyekaidi.

"Hii haina uzito," akasema. "Haitii amri."

Uzito! Nikakimbilia chumbani. Kulikuwa na kile kitambaa kizito cha suti nilichotoka nacho Njombe, kile kilichotaka kumuua bwana harusi, marundo kwa marundo, huku hakuna aliyekitaka hata bure. Nikakichana kuwa mikanda mipana, nikazungushia pindo lote. Sajini akachomeka. Akavuta. Akavuta tena kwa nguvu, nusura apasue mkeka. Pindo likakaa.

"Sasa huyu ni askari," akasema, na mimi nikampiga busu mbele ya watoto, jambo ambalo Mbena hafanyi.

Kimoja nikampa Mama Skola akaenda nacho shamba. Cha pili, kata ileile, nikamtundikia Neema juu ya mkeka, na ndugu zake nikawalaza humohumo. Kila jioni, giza kabla halijaingia, Sajini alifanya gwaride la chandarua. Anazunguka mkeka, anabonyeza pindo kwa kidole, akiona mguu umegusa neti anapiga kelele, "Mguu wazi upande wa kushoto!" Watoto ndani wanajibu, "Ndiyo, afande!" Jirani mmoja aliuliza kama tumefungua kambi mle ndani.

Miezi ile niliishi kwa kiganja. Kila asubuhi, kabla sijamwamkia mtu, kiganja changu kwenye paji la Neema. Baridi. Kesho tena, baridi. Mpunga ukachanua, ukatoa masuke, sisi tunasikia habari tu kwa wanaokuja mjini kununua chumvi, na mimi nakwenda barazani nashona huku nusu ya akili iko nyumbani.

Halafu siku moja, ndege wakiwa wameshambulia mpunga na mavuno yamekaribia, narudi kutoka sokoni mchana, namgusa Neema mlangoni: moto! Shingo inawaka, jasho linamtoka, uso mwekundu. Sikuuliza kitu. Nikapiga ukelele, nikaingia ndani, nikaanza kulikokota lile kasha kwenda mlangoni. Nalia, nakokota, nalaani mto na mpunga na jeshi zima. Sajini akatoka mbio bafuni na povu kichwani.

Neema akasimama pale ananishangaa. Kisha akasema, "Mama, mimi ndiye bwana harusi."

Ndipo nikamtazama vizuri. Amevaa sweta lake, juu ya sweta koti, juu ya koti kizibao cha baba yake. Nyuma yake kaka zake, mmoja padri, mmoja katekista na kikombe cha maji. Walikuwa wanacheza ile harusi yangu! Nikamvua vyote, nikamkalisha kivulini, nikaweka kiganja. Baada ya muda, baridi. Nilicheka na kulia kwa pamoja mpaka Sajini akaniuliza kama sasa naumwa mimi. Ndiyo, huyohuyo mwalimu wenu Neema, anayejifanya anapanga nyuzi hapo dirishani. Muulizeni kama nasema uongo.

Mavuno yakaja. Watu walipoanza kurudi nilikwenda Kivukoni asubuhi, nikamshika Neema mkono. Pantoni inavuka, magunia yamepandana, kuku wamefungwa miguu, watu wanaimba. Mimi natafuta sura moja. Nilikuwa naogopa, niwaambie wazi. Neema alikuwa salama, lakini mjini kuna sakafu imara na kuta. Kule ni fito na maji. Kama wale wajukuu hawakupona, basi kazi yangu ilikuwa bahati tu.

Kabla sijamwona nikamsikia. Ile sauti! Katikati ya mto anapiga kelele, "Mama Neema! Mama Nee-maa! Watazame!" Amesimama juu ya magunia ya mpunga, na wajukuu zake wamepangwa mbele yake kwa urefu, kila mmoja ameshika ukingo wa chandarua. Kimekuwa cheusi kwa moshi, ile kijani huioni, kimetiwa viraka pembeni. Lakini lile pindo la suti lilikuwa zima kama nililolishona juzi.

"Wote wamerudi!" Mama Skola anapiga kelele. "Wote! Hakuna aliyelala na homa!"

Akapiga kigelegele, na wanawake wote wa pantoni wakampokea, na wa ng'amboni wakapokea, na mimi Mbena nisiyejua kupiga kigelegele nikapiga changu, kikatoka kama jogoo mchanga. Pantoni haijatia nanga sawasawa wanawake wameshanizunguka. Mmoja wa Katindiuka, "Sisi tuko watu wengi zaidi." Mwingine, "Mimi wangu anapiga mateke kuliko hao." Nikawaambia, njooni na urefu wa mkeka na teke la mtoto, nitashona.

Msimu uliofuata baraza la Mzee Salehe lilikuwa kijani tupu. Yeye mwenyewe aliacha suruali akawa ananikatia mapindo. Baadaye ikaja dawa ya mbu ya kuchovyea vyandarua, kisha vikaja hivi vya viwandani mnavyogawiwa, na ni vizuri vimekuja. Lakini nawaambia, mtu akikuletea cha kiwandani umwongezee pindo, usimcheke. Nenda kwake kwanza, uone analala wapi.

Na amri ikaja, wanangu. Haikosi. Sajini aliingia jioni moja, akavua kofia, nikajua kabla hajasema. "Tumehamishwa," akasema.

Nilikuwa nachoma kambale. Nikamgeuza samaki upande wa pili, nikamwambia, "Umehamishwa wewe. Sisi tumefika."

Alijua nimesema neno ambalo mke wa askari hasemi. Kisha mtu huyu, badala ya kubishana, akaenda uani akarudi na nyundo. Akapiga magoti mbele ya lile kasha na kung'oa misumari, mmoja mmoja, watoto wamesimama midomo wazi. Mapazia yalikuwa yameliwa na mende, nusu ya vyombo vimevunjika kwa safari za treni. Picha ya harusi ilikuwa nzima. Tukaitundika usiku uleule, na mapazia mapya nikashona kesho yake. Yeye akaenda kwenye kituo chake, akawa anarudi likizo, na alipostaafu alishuka stesheni ileile amevaa shati jepesi. Yuko nyumbani Lipangalala hivi sasa, anakagua vyandarua vya wajukuu, na bado anapiga kelele za mguu wazi.

Mbao zile nene hatukuzitupa. Wewe uliyecheka sana juzi, inama hapo uangalie chini ya meza ya kukatia unayoiegemea. Soma kwa sauti, wenzako wasikie. Ndiyo, Sajini Mgaya. Rangi ya jeshi haitoki upesi.

Haya, inukeni. Nyoosheni kitambaa mezani, na muache upana wa kutosha, watoto wanapiga mateke.